Babu kwa mbali, posho kwa karibu

JUMA: Karibuni tena. Dada Akello leo kaja na bahasha, hataki hata niishike.

AKELLO: Babu yangu yumo humu, ndugu yangu. Picha ya inchi mbili kwa mbili, pembe moja imekunjika. Alipofariki nilimpelekea kijana mmoja wa mjini aiskani, aikuze iwe inchi 20 kwa bango la matanga. Kwa mbali alikuwa babu. Shangazi aliposogea kumtazama vizuri, akauliza, "Huyu nani?"

JUMA: Posho, bonge la ugali!

AKELLO: Posho yenye masharubu. Shavu lote miraba miraba, kama vigae vya bafuni.

JUMA: Hiyo miraba ndiyo pikseli. Skana iliwekwa kwenye DPI ngapi?

AKELLO: 150. Ndiyo hiyo anayotumia kwa barua za watu.

JUMA: Basi piga hesabu. DPI ni idadi ya nukta katika kila inchi. Inchi mbili mara 150, umepata pikseli 300 upande mmoja. Ukizitandaza kwenye inchi 20, kila inchi inabaki na 15.

AKELLO: Yeye alinijibu, "Usijali mama, naibadilisha iwe 300 kwenye kompyuta."

JUMA: Amebadilisha maandishi ya kibandiko tu. Au programu imebuni pikseli za katikati kwa kukisia majirani zake. Masharubu ambayo skana haikuyaona hayatoki popote. Ndiyo maana ukinunua skana, uliza rezolusheni, yaani DPI, ya lenzi yenyewe. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kukisia.

AKELLO: Kwa hiyo ningeomba ngapi?

JUMA: 1200. Unapata pikseli 2400, bangoni 120 kwa inchi. Bango linatazamwa na watu waliosimama mbali kidogo, zinatosha kabisa. Na unajua, picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana, Marekani mwaka 1957, ilikuwa ya sentimita tano kwa tano, karibu sawa na hii yako. Russell Kirsch aliskani picha ya mwanawe mchanga, ikatoka na pikseli 176 kwa 176.

AKELLO: Yaani kijana wangu kamzidi mzee wa 1957 kidogo tu!

JUMA: Ulimwambia picha ni ya rangi gani?

AKELLO: Nyeusi na nyeupe, si ndivyo ilivyo?

JUMA: Hapo mtego. Skana ikiwekwa "nyeusi na nyeupe", kila pikseli ni biti moja: ama wino, ama karatasi. Inafaa risiti. Uso unataka kijivu, biti nane, ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Na kama picha imeanza kugeuka kahawia, mimi naiskani kwa rangi, biti 24. Faili linakuwa kubwa mara tatu, kama megabaiti 17 kabla ya kubanwa.

AKELLO: Na faili la JPEG?

JUMA: JPEG inabana kwa kutupa vitu, na kila ukihariri na kuhifadhi upya inatupa tena. Weka TIFF nyumbani, faili ambalo kwa kawaida halitupi kitu, JPEG wapelekee jamaa.

AKELLO: Shangazi anataka nimtumie kwa WhatsApp.

JUMA: Mtumie. Ila WhatsApp nayo inabana, kwa hiyo asije akaipeleka hiyo kuchapisha bango lingine.

AKELLO: Atapeleka, Juma. Humjui shangazi.