Besi Inayonguruma, na Kwa Nini Tunaichafua

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo tunatengeneza besi inayonguruma ya dabstepu, muziki wa dansi wenye besi nzito. Mlio nyuma sogeeni mbele kidogo, maana noti ya kwanza nitakayowapigia mtaihisi kifuani kabla haijafika masikioni.

Hiyo ni F ya chini. Hewa humu ndani inatikisika takriban mara 44 kwa sekunde, 44 Hz. Ni wimbi laini tupu, halina kitu juu yake. Sasa nazima sabufa, hii spika kubwa ya besi, napiga noti ileile kwenye simu yangu. Kimya. Simu ni nzima, ila spika yake ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa polepole kiasi hicho. Sikilizeni tena: noti ni ileile, ila nimeichafua. Mmeisikia? Na mmeisikia ni F, palepale chini, wakati simu bado haitoi hiyo 44 Hz hata kidogo. Inachotoa ni harmoniki zake za juu, yaani mitikisiko ya kasi zaidi inayozidisha ile 44 mara saba, mara nane na kuendelea: 308, 352, 396, 440 na kuendelea. Ubongo ukikuta zimeachana kwa 44 kila moja, unaijaza wenyewe noti ya chini isiyokuwepo.

Kwa hiyo uchafu kwenye besi una kazi. Vijana wengi wanaoniletea nyimbo zao wanauweka mwishoni kama mapambo, wakishaona wimbo umepoa. Mimi naomba muuone kama mbebaji: ndio unaoibeba noti ya chini hadi kwa mtu aliye kwenye daladala na iafoni sikioni.

Sauti hii ya dabstepu ina kwao. Imekulia London ya kusini, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa vijana waliokuwa wakishinda kwenye duka la santuri la Big Apple. Walipigiana kazi zao kwenye usiku wa FWD>>, uliokuja kutulia klabu ya Plastic People, ukumbi mdogo wenye giza na spika nzito kuliko ukubwa wake. Mwaka 2005 wakaanza usiku wa DMZ kule Brixton. Nyuma yao kulikuwa na Jamaika: dabu, rege iliyobakishwa besi na ngoma, na masaundi sistimu, mitambo mikubwa ya kupigia muziki, yaliyohamia Uingereza na wazazi na babu zao. Hili naliona la msingi kabisa. Vijana hao wa Croydon walitengeneza besi wakijua itapigwa kwenye spika ndefu kuliko mtu. Walianza na uzito wa chini, kisha kunguruma kukaongezwa juu yake. Leo sisi tunaanzia kwenye laptopu yenye spika mbili dhaifu, na tunaanza na kunguruma. Hapo ndipo tunapopotea.

Programu ya kutengenezea sauti msiumize kichwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wengi walitumia Massive ya Native Instruments, kampuni ya Berlin. Serum ilitoka 2014. Vital ilitoka 2020, ina toleo la bure, na yote nitakayofanya leo nayafanya humo.

Naweka osileta moja, yaani kitengeneza wimbi, na wimbi lenyewe ni la msumeno, lenye umbo la meno ya msumeno. Msumeno una harmoniki zote, ndiyo maana unawasha masikio. Juu yake naweka filta inayopitisha sauti za chini na kuzuia za juu. Sasa nisaidieni wote. Shikeni noti moja, msipande wala kushuka, mseme: wau, wau, wau. Tena. Koo lenu halikubadilika hata kidogo, noti ni moja. Kilichofanya kazi ni mdomo: kwenye "u" umefungwa, harmoniki za juu zinabaki ndani; kwenye "a" umefunguka, zinatoka. Filta ni mdomo. Kuyumba kote mnakokusikia kwenye wobo, besi hii inayosema wau-wau, ni mdomo huo ukifunguka na kufungwa.

Anayeufungua ni LFO, nayo ni osileta kama nyingine, ila inaenda polepole mno hata sikio halioni noti, linaona mwendo. Wimbo uko kwenye mapigo 140 kwa dakika. LFO ikienda mara mbili kwa kila pigo, mdomo unafunguka mara 4.7 kwa sekunde. Nikiipeleka mara tatu kwa pigo, mara 7. Sikilizeni tofauti: ile ya kwanza inatembea, hii ya pili inachechemea. Msiiache LFO kwenye kasi moja wimbo mzima. Aliyewahi kumsikiliza mpiga ngoma mzuri anajua kwamba hakai kwenye mtindo mmoja. Anakujibu, ananyamaza, anaingia kwa kasi nyingine. Mimi huchora mwendo wa LFO kwa mkono, baa kwa baa, na kazi hiyo peke yake hunila usiku mzima.

Sasa uchafu wenyewe. Distoshoni inakata vichwa vya wimbi. Wimbi la mviringo likikatwa kichwa linapata kona, na kona zikizaliwa harmoniki mpya nazo zinazaliwa. Swali ambalo watu hawajiulizi ni hili: unaiweka kabla ya filta au baada yake? Nitawapigia zote mbili.

Hii, distoshoni iko kabla. Uchafu umetengenezwa wote, halafu mdomo unaufunika na kuufunua. Ni laini, imetulia. Na hii, distoshoni iko baada. Sikilizeni mdomo unapofunguka: kadiri sauti inavyotoka nyingi ndivyo inavyogonga dari ya distoshoni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo uchafu wenyewe unapanda na kushuka na pumzi. Inakaa kama mnyama anayenguruma akivuta hewa. Mimi ni wa hii ya pili, na baada yake naongeza filta nyingine ndogo kupunguza makali yanayochoma, kule juu ya 5,000 Hz.

Ukitaka unene, ongeza msumeno wa pili, uupotoshe noti kidogo tu isilingane na ya wa kwanza. Mtindo huu ni wa Kevin Saunderson wa Detroit, aliyeutoa 1988 kwa jina la Reese. Mpaka leo besi hiyo inaitwa risi. Lakini hapa nataka niwasimulie kilichonikuta.

Mara ya kwanza wimbo wangu kupigwa ukumbini, besi ilikuwa inakuja na kupotea. Inakuja, inapotea. Watu wanacheza, ghafla sakafu inakuwa tupu chini yao. Nilisimama pale nikimlaumu fundi wa mitambo moyoni. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Misumeno yangu miwili ilipishana kwa senti 10, yaani sehemu ya kumi ya nusutoni. Kwenye 44 Hz tofauti hiyo ni robo ya mzunguko kwa sekunde. Maana yake mawimbi mawili yanakutana, yanaachana hadi yanafutana, kisha yanarudi, mara moja kila sekunde nne. Kwenye harmoniki ya kumi jambo hilohilo linatokea mara mbili na nusu kwa sekunde, na huko juu ndiko linakosikika tamu. Chini linakuibia noti. Hedifoni zangu hazikuwahi kunionyesha.

Tangu siku hiyo nagawa besi vipande viwili. Chini ya 100 Hz ni wimbi laini moja, liko katikati, halina distoshoni, halina filta inayoyumba, na linaanza mahali palepale kila noti inapobonyezwa. Juu ya 100 Hz, chafua utakavyo: misumeno mitatu, distoshoni mbili, rekodi ulichopata, kikate, ukipitishe tena. Kikubwa vipande vyote viwili vipige noti ileile. Na noti iwe moja tu, kwa sababu ukiingiza mbili kwa pamoja kwenye distoshoni zinazaa noti za tatu na nne ambazo hukuzipanga, na yote inakuwa tope.

Haya, fungueni laptopu. F ya chini, msumeno mmoja, filta imefungwa kabisa. LFO bado msiiguse. Zungusheni filta kwa mkono kwanza, polepole, mkisema "wau" kimoyomoyo.