Mpaka wa Rangi Uliotuachia Mipaka ya Makabila

Ndugu wasikilizaji, tukitaja ubaguzi wa rangi nchini Kenya tunamkumbuka mlowezi, kisha tunafunga hesabu mwaka 1963. Hesabu hiyo haijafungwa. Mpaka wa rangi uliondolewa. Mipaka ya makabila iliyochorwa ili kuulinda ilibaki, na ndiyo tunayogombania.

Chukueni kipande, kile kitambulisho cha kazi cha miaka ya 1920. Mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi alikibeba, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kiliandikwa alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe za kuanza na kuacha kazi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, mfanyakazi huyo hapati kazi kwingine, na akitoroka, anashtakiwa. Hayo yanajulikana. Kisichotajwa sana ni kwamba kiliandikwa pia kabila na anakotoka, ili ijulikane arudishwe wapi shamba lisipomhitaji.

Makabila mengi yalikuwa na rizavu zao, yaani maeneo waliyotengewa na mkoloni, na mipaka yake ilitangazwa rasmi mwaka 1926. Wakati huo mlowezi alikuwa na ardhi ya kukodi kwa miaka 999 chini ya sheria ya 1915. Mwafrika nje ya rizavu yake alikuwa skwota tu: sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mtoto wa skwota Mkikuyu aliyezaliwa shambani Nakuru akahesabiwa wa rizavu ya Kiambu.

Walowezi walipoondoka, ardhi haikurudishwa, iliuzwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, uliwalipa bei ya soko kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na deni likamwangukia mkulima mpya. Aliyepata shamba ni mwenye fedha ya kianzio au hisa katika kampuni ya kununua ardhi, si lazima aliyefukuzwa. Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Wakalenjin nao walipoteza malisho. Mkikuyu aliyenunua shamba Molo au Burnt Forest, katika Bonde la Ufa, alilipa kihalali. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo sababu wanasiasa hawakutumia nguvu nyingi kuwasha moto mwaka 1992, wala 2007, ghasia zilipoua watu zaidi ya 1,100.

Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua dhuluma za ardhi za tangu 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010. Kasoro yake iko kwenye ushahidi: mlowezi alikuwa na ramani na hati, skwota hana hata stakabadhi. Na mlalamikaji akishinda, shamba lina mwenyewe, aliyelipa mkopo wake hadi senti ya mwisho. Kumwondoa huyo ni kuanzisha kesi nyingine ya miaka 50. Kwa maoni yangu, serikali ndiyo inunue ardhi mbadala au ilipe fidia, kwa kuwa ndiyo iliyorithi daftari la mkoloni.