Mpige Pange Picha ya Usoni

Asanteni kwa kufika, ndugu zangu. Wengi wenu mnaongoza watalii, wengine mmekulia kwenye ufugaji, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza pange, inzi huyu mnyonya damu, anavyouma.

Tazameni picha hii ukutani. Nimepewa na kijana mmoja aliyemo humu: pange juu ya paja la ng'ombe, amepigwa kwa juu. Mistari mitatu myeupe inashuka mgongoni, na chini ameandika Tabanus taeniola. Huenda ni yeye, maana ameenea sana Afrika. Lakini mistari kama hiyo wanayo ndugu zake kadhaa. Kwa picha hii mimi naishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu: Tabanus.

Jenasi si ngumu. Anayekunja mabawa kama paa la nyumba, mabawa yenyewe ya kijivu yamejaa madoadoa, ni Haematopota. Chrysops huyaacha nusu wazi, kila bawa limekatizwa na mkanda mweusi, na papasi zake, zile pembe nyembamba za kichwani, ni ndefu. Philoliche utamjua kwa mdomo uliochomoza mbele kama shazia.

Kazi iko kwenye spishi, na hapo ni lazima mumwone uso. Macho ya dume karibu siku zote yamegusana. Jike, ambaye ndiye anayenyonya damu, ana nafasi katikati: kipaji cha uso. Angalieni upana wake, na kama kingo zake ziko sambamba au zinabanana. Halafu tafuteni hapo kwenye kipaji baka dogo linalong'aa, lisilo na vinyweleo. Liko la mraba, liko la mviringo, liko linalopanda juu kama mkia mwembamba. Baka hilo hutenganisha spishi ambazo mgongoni ni kama pacha.

Na macho yenyewe! Kijani, zambarau, dhahabu. Ya Haematopota yana mikanda ya kupindapinda. Mdudu akifa na kukauka, rangi hizo hufifia. Harold Oldroyd, aliyewaainisha pange wa Afrika katika miaka ya 1950, alitegemea sana wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini. Picha yenu ya pange aliye hai inabeba kitu ambacho kabati la makumbusho limekipoteza.

Kwa hiyo naumia nikiona picha nzuri imebandikwa jina la kubahatisha. Katika misitu ya Kongo, Chrysops silacea na Chrysops dimidiata hueneza mnyoo wa loa, ule unaoonekana ukipita ndani ya jicho la mtu. Jina likikosewa, na ramani ya ugonjwa inakosewa.

Pange akishazamisha mdomo, jongeeni taratibu, kivuli chenu kisimpitie. Mpigeni kwa juu, kisha ubavuni papasi na miguu ya nyuma ionekane, kisha usoni. Andikeni na mnyama aliyekuwa akimnyonya.

Kijana wangu, kesho ng'ombe wakishuka majini, rudi kwenye paja lilelile. Safari hii piga magoti mbele ya pange.