Umeiva Asilimia Ngapi? (Rehema na Idi)

REHEMA: Haya tumerudi, Idi yupo na kikohozi chake kipo. Leo tuna mambo matatu ya kuwafundisha kuhusu sukari na protini za damu, ila kwanza mwenzenu nina majibu ya maabara.

IDI: Toa toa.

REHEMA: Juzi nimepima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula iko poa kabisa, nikashukuru Mungu, halafu daktari akageuza karatasi, kipimo kingine cha sukari, HbA1c, kinasema asilimia 6.1. Anasema siyo kisukari, kisukari kinaanzia 6.5, lakini kuanzia 5.7 ushaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

IDI: Kwa hiyo asilimia 6.1 ya hemoglobini yako, ile protini ya seli nyekundu za damu, imegandwa na sukari.

REHEMA: Na haibanduki! Sukari inajishika yenyewe kwenye protini, haihitaji hata kimeng'enya, halafu seli nyekundu inatembea na huo mzigo mpaka inakufa, siku kama 120 hivi, ndo maana kipimo kinasoma miezi miwili mitatu ya nyuma, huwezi kujinyima wiki moja ukakihonga.

IDI: Unajua ni kemia ileile inayoupa mkate rangi ya kahawia ukioka? Kuna Mfaransa, Maillard, aliielezea mwaka 1912, sukari na asidi amino zikipata joto. Mwilini joto ni kama 37 tu kwa hiyo inakwenda pole pole. Dada, unaiva.

REHEMA: Weee!

IDI: Moto mdogo, mfuniko juu.

REHEMA: Hata wewe umeiva, asiye na kisukari anakuwa na kama asilimia 5.

IDI: Mi mbichi.

REHEMA: Kapime uje na karatasi hapa.

IDI: Tena hemoglobini ina nafuu maana inabadilishwa. Protini za lenzi ya jicho, zile za katikati, unazaliwa nazo unazikwa nazo. Kolajeni ya mishipa nayo inakaa miaka, sukari inaibana nyuzi kwa nyuzi mpaka mshipa unakuwa mgumu.

REHEMA: Kwa hiyo macho yangu ndo yameiva zaidi.

IDI: Macho yameungua kabisa hayo.

REHEMA: (anacheka) Nyamaza. Sasa hizo protini zilizoharibiwa kabisa na sukari, wataalamu wanaziita AGE, mi nasema siyo matokeo ya kisukari tu, zinakileta pia. Zinashika vipokezi kwenye seli, zinawasha uvimbe wa chini chini, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inashindwa kufanya kazi. Panya waliopunguziwa AGE kwenye chakula, insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi.

IDI: Panya.

REHEMA: Panya ndiyo, tatizo?

IDI: Sukari inapanda kwanza, protini zinaharibika baadaye. Figo, macho, mishipa, hapo nakubali mia kwa mia, ila kuleta ugonjwa wenyewe hapana. Kuna dawa ya aminoguanidini, kwa panya ilizuia huo uharibifu vizuri sana, kwa binadamu haijaidhinishwa mpaka leo.

REHEMA: Ilijaribiwa kwa watu ambao tayari wana kisukari na figo zimeanza kuumia! Hiyo inajibuje swali langu?

IDI: Inajibu kwamba panya siyo watu.

REHEMA: Haijibu. Gurudumu likizunguka utajuaje lilianzia wapi?

IDI: Lilianzia kwenye sukari.

REHEMA: Na sukari ilipandishwa na nini?

IDI: Insulini kushindwa kazi.

REHEMA: Ikashindwa kwa sababu ya nini, Idi?

IDI: Mafuta kwenye ini, kurithi, kongosho kuchoka, mambo kibao.

REHEMA: Na AGE humo humo.

IDI: Aah, mi sisogei.

REHEMA: Wala mi. Jamani naonyeshwa dakika moja na somo hatujagusa hata la kwanza.

IDI: Sema lile la selimundu basi, ni muhimu.

REHEMA: Eeh, mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie daktari kabla ya kuiamini HbA1c, seli zake haziishi muda wa kawaida kwa hiyo namba inaweza kudanganya, kuna kipimo cha fruktosamini kinachosoma wiki mbili tatu tu. Mengine wiki ijayo.

IDI: Wiki ijayo tulisema usingizi.

REHEMA: Basi sijui lini. Zima.