Mia na Hamsini ya Diani Si Mia na Hamsini ya Mbeya

Ndaga fijo, asanteni sana. Kaeni, kaeni, viti vya mbele haviumi.

Nimepewa dakika 40, na kijana mmoja amekwisha kunila 5 pale mlangoni. "Mzee, kwa miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege, Valkyrie au Velocity, upi mkali?" Nikamuuliza ameruka mara ngapi. Themanini. Basi huyo ndiye aliyebadilisha mpangilio wa leo. Mkikosa nusu ya mliyoahidiwa kwenye tangazo, mdaini yeye.

Nianze na maharage. Msicheke, mwenye shangazi Kyela ananielewa. Maharage yale yale, sufuria ile ile: Kyela yanaiva mapema, huku kwetu mkaa unaisha yangali yanagonga meno. Kyela iko kama mita 500 juu ya bahari, sisi hapa Mbeya mjini tuko 1,700. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hakuna mama wa Mwanjelwa anayebishana na jambo hili, anaongeza mkaa basi. Lakini mrukaji anashuka kwenye basi na begi lake kutoka pwani, mwavuli ni ule ule, anadhani na hewa ni ile ile!

Sasa hesabu, na asinikimbie mtu. Bawa ni mwavuli wenyewe ukiwa umefunguka, na mzigo wa bawa ni uzito wako na vifaa ukigawanywa kwa eneo lake. Wenye viwanda wanaupima kwa ratili (pauni) kwa kila futi ya mraba, tuvumilie ratili zao. Mtu wa kilo 75, weka begi, kofia na viatu, kilo 12. Jumla 87, yaani ratili 192. Mwavuli wa futi za mraba 150 unampa 1.28. Akiwa Diani, pwani ya Kenya, hiyo ni 1.28 kweli. Hapa, hata asubuhi ya Juni yenye nyuzi 10, msongamano wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Bawa hubebwa na hewa. Hewa ikipungua, bawa halina budi kukimbia zaidi ili libebe mzigo ule ule. Zidisheni 150 kwa 0.83. Ngapi? Naam, 124 na ushei. Kwa mbio, mwavuli wako wa 150 umekuwa wa 125 na hujatoa hata senti.

Nasikia huko nyuma: mbio zenyewe zimeongezeka asilimia 10 tu. Tu! Hiyo "tu" ndiyo iliyonipa chuma mguuni. Kimo unachopoteza ukikata kona ya kutua hakifuati mbio, kinafuata mbio zikizidishwa kwa zenyewe. Asilimia 10 inazaa zaidi ya 20. Kona iliyokula mita 150 Diani, huku inakula 180. Na kipimo cha kimo mkononi hakikuonyi. Umekiweka sifuri uwanjani, kinahesabu mita zake vizuri kabisa, uwepesi wa hewa hakiujui.

Mimi nilijifunza pwani. Miruko 400 na kitu, karibu yote juu ya mchanga, na mwavuli wa 135 niliouzoea kama ndala zangu za bafuni. Nikaenda Afrika Kusini, kwenye nyanda za juu, uwanja uko kama mita 1,500, saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Mzee mmoja wa pale akaniambia azima wa 170 kwa siku mbili za kwanza. Nikamshukuru kwa adabu, moyoni nikamwona mwoga. Nikaanza kona yangu kwenye kimo changu cha siku zote. Katikati ya kona nikaona majani. Si uwanja, majani, moja moja. Nikavuta breki zote mbili hadi mapajani, mwavuli ukaitika, tena ukaitika vizuri, lakini ardhi ilikuwa imeshafika. Kifundo cha mguu kilivunjika mahali pawili. Mwavuli haukuchanika hata uzi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule mzee alikuja kunibeba, hakusema neno. Kila Julai, baridi ya huku ikikolea, kifundo kinamsemea.

Kuna watakaosema: sisi tutarukia Usangu, bonde la hapa mkoani, kule ni chini na ni tambarare. Chini? Usangu ni zaidi ya mita 1,000, na mchana wa nyuzi 30 hewa yake inakuwa kama ya mita 1,800 na zaidi. Joto limekurudisha Mbeya bila nauli.

Mwingine anasema mwavuli mkubwa utarudishwa nyuma na upepo. Upepo unaorudisha nyuma mwavuli wa 190 ni upepo wa kubaki chini na kunywa chai. Shuka kwenye ndege.

Na wewe dada uliyeinua mkono, wa kilo 52. Umeambiwa kwamba ukiwa na mwavuli wa 120 uko 1.18 tu, mpole. Namba hiyo si ndugu wa 1.18 ya mwavuli wa 160. Mwavuli mdogo una kamba fupi. Ukiugusa kidogo unageuka upesi, na mkono ukiteleza nao unateleza nawe. Wepesi wako usikuponze.

Dakika ngapi? Sita. Haya, harakaharaka. Valkyrie na Velocity zote zina kuta za mshazari ndani ya vyumba vya hewa vya bawa, bawa linakaa bapa na gumu, ni za watu wenye miruko mingi sana na mwalimu anayewatazama. Mwavuli wa Katana hauna kuta hizo, lakini unapiga mbizi ndefu na hauna haraka ya kuinuka. Stiletto unageuka upesi na kuinuka mapema. Zote zikifunguka vibaya, kamba zinajisokota na unaanza kuzungushwa. Kijana wa 80, wewe chukua Sabre3 ya 190. Kwa uzito wa mtu wangu wa mfano ni 1.01, na kwa hewa ya hapa ni 1.22. Hiyo inakutosha, usininunie.

Miavuli ya mitumba: kamba za Spectra, nyuzi za plastiki, hufupika kwa joto la kile kitambaa kinachoteremka juu yake mwavuli ukifunguka, na za breki hufupika kuliko zote. Unanunua mwavuli uliokwisha kuvutwa breki nusu. Zipimeni kabla ya kutoa hela. Mwavuli wa akiba nilitaka kuusemea, sina muda.

Mizani iko pale mlangoni, nimeiazima kwa mama wa viazi na anaitaka kabla ya saa kumi. Panda na begi mgongoni, na viatu usivue. Kijana wa Valkyrie, tangulia.