Profesa Mpya wa Theolojia na Maswali ya Usharika

Baba Askofu, Mkuu wa Chuo, wachungaji, wanafunzi, na hasa ninyi walimu mnaoanza kazi mwaka huu, Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumzie wito wa profesa katika chuo cha theolojia, nami nitashika jambo moja tu: maswali anayoingia nayo darasani yanatoka wapi.

Mwezi Agosti 1518, Chuo Kikuu cha Wittenberg nchini Ujerumani kilimpokea profesa mpya wa Kiyunani, Philipp Melanchthon, kijana wa miaka 21, mfupi na mwembamba, ambaye Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa aliyefundisha chuoni humo, hakuwa amempa nafasi ya kwanza katika mapendekezo yake. Siku chache baada ya kuwasili, kijana huyo alitoa mhadhara juu ya kurekebisha masomo ya vijana, akihimiza wanafunzi warudi kwenye maandiko ya asili na kuyasoma katika lugha yalimoandikwa, na mashaka ya Luther yakaisha. Luther alimwandikia Spalatin, katibu wa mtawala wa Saxony, akimsifu mgeni huyo, na pia akihofu kwamba kwa mshahara mdogo aliopangiwa angeweza kuchukuliwa na chuo kingine. Wajumbe wa bodi mliopo hapa, naomba mlipokee neno hilo kwa uzito wake, kwa sababu profesa anayelazimika kufundisha vipindi katika vyuo vitatu ili alipe karo za watoto hapati muda wa kusoma wala wa kumsikiliza mwanafunzi.

Luther alipotoka mafichoni katika ngome ya Wartburg mwaka 1522 akiwa na rasimu ya Agano Jipya kwa Kijerumani, aliipitia pamoja na Melanchthon, ikachapwa Septemba mwaka huohuo. Ndivyo elimu ya profesa yule ilivyovuka kuta za chuo na kuwafikia watu wasiojua hata herufi moja ya Kiyunani. Luther naye, aliyekuwa daktari wa theolojia tangu mwaka 1512, alihubiri katika kanisa la mji sambamba na kufundisha. Hoja zake 95 za mwaka 1517 zilikuwa za kitaaluma, lakini kilichomsukuma kuziandika kilikuwa pia habari ya waumini wake, waliovuka mpaka wa Saxony hadi mji wa Jüterbog kununua vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi kutoka kwa mhubiri Johann Tetzel na kurudi wakidhani hawahitaji tena toba.

Kwetu, chuo kilichoanzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, na kuhamia Makumira mwaka 1954, kilijengwa kwa jasho la walimu wamisionari, nasi tunawashukuru kwa moyo wote. Ninyi mnaokuja leo mmelelewa katika sharika hizihizi, mkapata kipaimara humu, na mnajua mambo ambayo mgeni angehitaji miaka mingi kuyaona. Msiyaache getini mnapoingia chuoni.

Nitoe mfano. Mwanafunzi niliyemsimamia katika mazoezi ya vitendo alikutana na msiba wa mtu aliyekuwa ametengwa na ushirika kwa sababu ndoa yake haikubarikiwa. Familia ilitaka jeneza liingizwe kanisani na kengele ipigwe. Wazee wa kanisa walisema atazikwa kwa sala fupi tu makaburini. Mjane alitoa bahasha za ahadi za marehemu, zile alizotolea sadaka, zimefungwa kwa kamba, akaziweka mezani mbele ya wazee na kuuliza kama Mungu naye amemtenga mumewe. Mwanafunzi yule alikuwa na alama nzuri sana katika dogmatiki, yaani somo la mafundisho ya imani, lakini alinyamaza, na sidhani kwamba kosa lilikuwa lake. Sisi walimu wake hatukuwahi kumwekea swali hilo mbele.

Swali la mjane yule linatosha kuzishughulisha idara zote za theolojia. Mwalimu wa Agano Jipya atasoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 5, kisha Wakorintho wa Pili sura ya 2, ambapo Paulo anataka aliyeadhibiwa asamehewe na kufarijiwa asije akamezwa na huzuni. Mwalimu wa historia ataeleza nidhamu ya kanisa ilivyofika kwetu na ilivyochanganyika na mila zetu za ndoa. Mwalimu wa theolojia ya vitendo atauliza ibada ya maziko ni kwa ajili ya nani. Najua kwamba kupanda cheo kunategemea makala katika majarida, mengi yake kwa Kiingereza, na siwaambii muache kuyaandika. Nasema kwamba jibu la swali kama hili liandikwe pia kwa Kiswahili, katika kijitabu ambacho mwinjilisti wa mtaa anaweza kukinunua na kukielewa.

Kwa hiyo naleta ombi kwa Mkuu wa Chuo na kwa wakuu wa majimbo ya kanisa mliofika. Kila mwalimu mpya apangiwe usharika mmoja kwa mwaka wake wa kwanza, ahubiri humo walau mara moja kwa mwezi, na akaribishwe katika baraza la wazee linapojadili mambo ya nidhamu, akae na kusikiliza kabla ya kutoa maoni. Vipindi vyake vya darasani vipunguzwe ili jambo hili liwezekane, na nauli ilipwe na chuo.