Anzeni na Miguu

Ndugu zangu, nalirudia jambo lile lile na nitalirudia mpaka lieleweke: mkijifunza kutafakari kwa utambuzi, msianze na kukaa. Anzeni na miguu.

Utambuzi huo kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, huitwa sati, na asili yake ni kukumbuka. Si kufuta mawazo kichwani! Ni kukumbuka kilichopo sasa. Ukisahau, unakumbuka tena. Anayeanza kwa kukaa huvamiwa na mawazo kama siafu, akadhani ameshindwa, akaacha. Unyayo ni rahisi kuushika: ukikanyaga, unahisika.

Katika vituo vya kutafakari vinavyofuata njia ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibuddha aliyeanza kufundisha Yangon, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1949, kukaa saa moja hufuatwa na kutembea saa moja. Kutembea huko si mapumziko.

Chagua njia ya hatua 15 hivi. Ikiwa fupi mno, utageuka-geuka mpaka upate kizunguzungu; ikiwa ndefu, utajikuta unapunga upepo tu. Tazama chini, kama mita 2 mbele. Ukikodolea vidole, shingo itauma. Anza kwa mwendo wa kawaida, ukitaja moyoni "kushoto, kulia". Ukishatulia, gawa hatua: "kuinua, kukanyaga". Baadaye: "kuinua, kusogeza, kukanyaga". Wengi hukimbilia hizo tatu dakika ya kwanza, wakayumba, kwa sababu mwili umepunguza kasi na akili bado inakwenda mbio.

Kosa kubwa zaidi ni neno kuutangulia mguu. Mtu anataja "kuinua" na kisigino kiko chini! Huyo anakariri, hatambui. Neno lifuate hisia: uzito, ubaridi wa sakafu, msuli unavyokaza. Na mwisho wa njia ndipo wengi hupotea. Simama, taja "kusimama", kisha geuka kwa hatua tatu nne, ukiitambua kila moja.

Mtu ataniambia hii ni dini ya watu. Ni mafundisho ya Buddha, sifichi. Lakini kuujua unyayo wako hakukudai ubadili dini. Kinachonikera mimi ni utulivu kuuzwa bila maadili. Sati ni ya saba katika njia ya mambo nane aliyoifundisha Buddha. Kauli njema na riziki halali zimo humo humo.

Muda umenibana, basi kwa ufupi, sati katika mambo matatu ya kila siku. Hasira: itaje, itafute mwilini, kwenye taya au kifua, kabla hujajibu. Kula: weka kijiko chini mpaka umeze. Kutembea: kesho asubuhi, dakika 10, kutoka mlangoni hadi ukutani.